Mizani ya Mikese na Mikeka Isiyopimwa

Kila lori linalopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, Mbeya, Zambia au Kongo hupita Mikese, na likifika Mikese halina budi kupimwa. Dereva hupandisha magurudumu juu ya bamba la chuma, namba hutokea, naye hupewa karatasi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na anayezidisha hulipa. Nimewahi kumsikia dereva akiapa kwa kaburi la mama yake kwamba mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko namba ile ilivyosema. Bamba la chuma halikumjua mama yake. Gari likawekwa pembeni.

Mizani hiyo haipendwi na mtu. Hata hivyo sijawahi kumsikia dereva, tajiri wala mwanasiasa akidai kwamba ni dhuluma kumwambia mtu uzito wa mzigo anaoubeba mwenyewe. Basi leo nataka kuuliza kwa nini dai hilo ambalo hakuna awezaye kulitamka mizanini linakubaliwa kimyakimya katika kibanda umiza kilichoko katika kijiji hicho hicho, ambako vijana hukaa Jumamosi nzima mbele ya televisheni, simu mkononi, wakisubiri mikeka yao itiki.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akiendesha bodaboda hapo Mikese kwa mkataba. Wengi mnaujua mkataba huo: mwenye pikipiki humkabidhi kijana chombo, kijana hupeleka hesabu kila siku, na mwaka ukitimia bila deni pikipiki huwa yake. Mwezi wa kumi, ikiwa imebaki miezi miwili tu, mwenye pikipiki aliichukua. Kijana alikuwa nyuma kwa hesabu za siku 31. Sisi ni Waluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mwenye pikipiki hakujisumbua kwenda kwa baba wa kijana. Alinipigia simu mimi, kwa kuwa mjomba ndiye anayetakiwa kujibu.

Nilikwenda. Tulikaa uani kwa dada, juu ya mkeka wa kweli, ule wa ukindu, nikamwuliza kijana bila kuzunguka.

“Hizi mechi unazobeti, zimekula kiasi gani?”

“Mjomba, mimi niko katikati. Nakula, naliwa. Zinalingana.”

Nilimwomba simu. Hakusita kunipa, na kutosita kwake ndiko kulikonifungua macho: hakuwa mwongo, aliamini alichosema. Tukaanza kusoma ujumbe wa pesa za mtandao, mmoja baada ya mwingine, miezi mitatu kurudi nyuma. Mimi nilisoma, yeye akaandika kwenye daftari la shule la mdogo wake: upande huu zilizokwenda, upande huu zilizorudi. Mikeka iliyotiki aliikumbuka yote. Alijua timu, alijua siku, alijua hata dakika ambayo bao la mwisho lilifungwa. Ile iliyochanika aliisoma kama mtu anayesoma barua za jirani. “Hii ni ya kwangu kweli, Mjomba?” aliniuliza mara mbili.

Tulipomaliza, zilizokwenda zilikuwa zimezizidi zilizorudi kwa kiasi cha hesabu za siku 43. Deni lililomnyang’anya pikipiki lilikuwa la siku 31. Dada yangu, aliyekuwa akichambua mboga karibu yetu, aliacha kuchambua.

Sasa naomba mniruhusu niende mbali kidogo, hadi Japani, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza jina la kitu alichonyimwa mpwa wangu.

Mwenzangu mmoja wa idarani alisoma Japani na akarudi na mapenzi ya sumo, mieleka ya wale mabwana wakubwa wanaosukumana ndani ya duara la udongo. Ndiye aliyenivuta kwenye mchezo wa kutabiri sumo unaochezwa kwa intaneti. Hauna dau wala zawadi. Kabla ya mapambano ya siku kuanza, unachagua nani atamshinda nani. Jioni matokeo yanawekwa. Mashindano yakiisha kila mtabiri anapewa cheo chake kipya. Nimeucheza kwa miaka kadhaa, na mke wangu anaona ni kichaa cha wazee.

Raha yake iko katika vyeo. Sumo yenyewe ina mashindano makubwa sita kwa mwaka, Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba, kila moja la siku 15. Kabla ya kila shindano hutolewa orodha iitwayo banzuke, inayowapanga wanamieleka wote wa kulipwa na wa chini, kuanzia yokozuna aliye juu kabisa hadi kijana wa daraja la sita ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo kiasi cha kuhitaji miwani. Wote wamo. Katika madaraja mawili ya juu kanuni ni nyepesi kuieleza: ukishinda mapambano 8 kati ya 15 unapanda au unabaki na heshima yako, ukishinda 7 na kushindwa 8 unashuka. Asiyetokea kwa ugonjwa huhesabiwa kuwa ameshindwa. Watabiri nasi tumejipangia vivyo hivyo. Ukipatia kuliko ulivyokosea unapanda, ukikosea zaidi unashuka, usipotuma utabiri unashuka pia, na mashindano yako yote tangu siku ya kwanza yamewekwa hadharani kwa jina lako.

Nilipoanza nilijiona hodari. Nilisoma mambo mengi, nikajua nani ana goti bovu na nani hupenda kushika mkanda kwa mkono wa kushoto. Kwa bahati yangu, nilianza kabla yokozuna Hakuho hajastaafu mwaka 2021 akiwa na mataji 45, rekodi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Hata mtoto angepata alama kwa kumchagua yeye kila siku. Alipoondoka, nikashuka. Nikapanda kidogo. Nikashuka tena. Leo nikifungua rekodi yangu ya miaka hiyo yote naona kwamba nimekosea karibu mara nyingi sawa na nilivyopatia. Si jambo la kujivunia kwa mtu anayelipwa mshahara kwa kudai kwamba anajua mambo, lakini nalijua, na sikulijua kwa hekima yangu. Orodha iliniambia. Kama ingeachiwa kumbukumbu yangu, ningewasimulia wanafunzi wangu siku tatu nilizopatia kila pambano, na wangeondoka darasani wakiniona nabii.

(Wapo watakaouliza Mwafrika anatafuta nini kwenye sumo. Waulizeni Wajapani kuhusu Osunaarashi, Mmisri aliyeingia mwaka 2012 na kuwa Mwafrika wa kwanza katika mieleka hiyo ya kulipwa. Julai 2014, katika mwezi wa Ramadhani, aliwaangusha mayokozuna wawili, Kakuryu na Harumafuji. Watabiri wengi wa siku hizo bila shaka walishuka cheo.)

Wala si lazima kufika Tokyo ili kuona kanuni hii ikifanya kazi. Chini ya mwembe wowote hapa kwetu wazee wakicheza bao, kila mmoja anajua fundi ni nani na nani hujigamba tu, kwa sababu kufungwa kwa mtu kunaonwa na baraza zima. Mtu hawezi kufungwa asubuhi nzima akaenda nyumbani akajiita bingwa. Watoto watamcheka njiani.

Mchezo wa kubashiri kwa fedha umeigeuza kanuni hiyo juu chini kwa makusudi. Angalia kinachotangazwa: kijana ameshika mfano wa hundi kubwa kama mlango, anatabasamu, jina lake na kijiji chake vimeandikwa. Ni kweli ameshinda. Lakini hiyo ni banzuke yenye jina moja, la yokozuna, na nafasi tupu chini yake mahali ambapo yangepaswa kuandikwa majina ya wote waliolipia hundi ile. Angalia pia simu ya mchezaji. Salio lililobaki linaonekana juu kabisa kwa rangi ya kuvutia; kiasi ambacho mkeka huu “utalipa” kinaonekana kabla hujabonyeza, nacho hukua kila unapoongeza mechi. Jumla ya alichokwisha kupoteza tangu alipojiunga haimfuati. Namba hiyo moja, ambayo kompyuta ya kampuni inaweza kuitoa kwa kufumba na kufumbua, haiwekwi mbele ya macho yake anapobonyeza.

Hapa wanafunzi wangu huniambia kuwa mwenye ujuzi wa mpira hashindwi. Sawa, tuchukue mwenye ujuzi. Tuseme anachagua mechi ambazo timu yake ina uwezekano wa asilimia 60 wa kushinda, na tuseme hakosei katika makadirio hayo. Bei ya haki ya mechi kama hiyo ni takribani 1.667 kwa kila shilingi. Kampuni haiwezi kutoa bei ya haki, la sivyo haiwezi kulipa hata mlinzi. Tuseme inabakiza senti sita katika kila shilingi na kutoa 1.567. Kwa mechi moja, mchezaji hajaumia sana. Lakini nani Mikese anacheza mechi moja? Anazipanga kumi, maana mechi moja hailipi “maisha”. Uwezekano wa zote kumi kutiki ni kama mara sita katika elfu. Kwa bei ya haki, shilingi 1,000 ingelipa kama 165,000. Kwa bei ya kampuni inalipa kama 89,000. Zile senti sita, zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe katika mechi kumi, zimekuwa senti 46. Ujuzi wote wa kijana uko sahihi, makadirio yake hayana kosa hata moja, na bado karibu nusu ya kila shilingi anayoiweka ni ya kampuni kabla filimbi haijapulizwa. Na huyo ni fundi. Mimi, kwa ushahidi wa rekodi yangu ya sumo, si fundi, na mpwa wangu wala wewe unayesoma hapo ofisini kati ya faili mbili hatujathibitisha kuwa mafundi.

Vijana wana jina la wanayepambana naye. Humwita “Mhindi”: leo nimempiga Mhindi, leo Mhindi kanila. Silipendi neno hilo, na si kwa adabu tu. Linamgeuza mpinzani kuwa mtu wa dukani, mwenye sura, anayeweza kuzidiwa akili siku moja kama wewe ukiwa mjanja. Kumbe unayekabiliana naye ni asilimia. Asilimia haichoki, haipati hasira, na haina siku mbaya.

Kuna mahali pengine jina hilo linapotoa macho yetu, napo ni serikalini. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo msingi wa Bodi inayosimamia biashara hii, na tangu hapo Hazina imekuwa mbia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilishusha kodi ya zawadi za ubashiri wa michezo kutoka asilimia 20 hadi 15, na papo hapo ikapandisha kodi ya mapato ghafi ya ubashiri huo kutoka asilimia 25 hadi 30, sehemu ya fedha hizo ikielekezwa kwenye maendeleo ya michezo. Viwango hubadilika kila Juni, na sitaki kugombana juu yake. Nataka tuelewe neno “mapato ghafi”. Katika biashara hii maana yake ni dau zote zilizowekwa, ukitoa zawadi zote zilizolipwa. Isome tena taratibu. Dau zote ukitoa zawadi zote ni jumla ya walichopoteza wachezaji. Ndiyo kusema, pale serikali inapokusanya shilingi 30 kwa kiwango hicho, imekwisha kukubali kwa maandishi kwamba raia wake wamepoteza 100. Hesabu tuliyoifanya na mpwa wangu juu ya mkeka wa ukindu, Hazina huifanya kwa nchi nzima.

Tofauti ni kwamba sisi tulimsomea mwenye hasara.

Kila mwaka tunatangaziwa kodi iliyopatikana, na inatangazwa kama mavuno. Sijawahi kusikia ikitangazwa kwa jina lake la pili. Waziri anayesoma bajeti hawezi kusema “mwaka huu vijana wetu wamepoteza kiasi fulani, nasi tumechukua theluthi yake pungufu kidogo”, ingawa ndicho anachokisema.

Majirani zetu hawatushindi. Kenya, Julai 2019, ilisimamisha leseni za kampuni 27, na wengi walidhani ni vita vya kuwaokoa vijana. Ugomvi ulikuwa wa kodi, nani achukue kiasi gani. Aprili 2025 walisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Afadhali hilo, lakini siku 30 zilikwisha. Kwetu, jina la SportPesa liliingia kwenye jezi za Simba na Yanga kwa pamoja mwaka 2017, na Julai ya mwaka huo huo Everton, waliovaa jina hilo hilo, wakaletwa Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia, Rooney akafunga, nchi ikashangilia. Tangu hapo wadhamini wamebadilishana jezi, lakini ubashiri haujaondoka kifuani mwa soka letu. Nami nilishangilia lile bao. Siandiki haya kama mtu aliyekuwa msikitini au kanisani muda wote huo.

Kwa hiyo sidai kamari ipigwe marufuku. Wanaodai hivyo wana hoja zao za dini na za maadili, na baadhi ya hoja hizo naziheshimu kuliko wanavyodhani. Lakini tumeona marufuku zikihamisha meza kutoka barabarani kwenda uchochoroni. Nadai mizani. Kila kampuni yenye leseni ilazimishwe kumwonyesha mchezaji, kabla hajabonyeza kitufe cha kuthibitisha mkeka, jumla ya alichoweka na jumla ya kilichorudi tangu siku aliyojiunga, kwa Kiswahili, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile zinazomwonyesha atakachoshinda. Na Bodi itangaze kila mwaka jumla ya hasara ya wachezaji, mkoa kwa mkoa, ikiitwa hasara. Haihitaji kamati. Takwimu zipo, maana bila takwimu hizo kodi isingekatwa.

Najua majibu. La kwanza ni kwamba mchezo ni hiari ya mtu mzima. Sheria imeweka miaka 18, na aliyeifikisha ana akili zake. Nakubali. Lakini hiari ya mtu asiyejua anachobeba ni hiari gani? Dereva wa lori naye ni mtu mzima na ana leseni.

La pili huletwa na watumishi wenzangu wa umma: tutaua chanzo cha mapato. Ndugu zangu, hebu tulisikilize jibu hilo vizuri. Linasema kwamba watu wakiambiwa ukweli kuhusu fedha zao wenyewe wataacha kucheza. Mimi sijasema hivyo, mmesema ninyi. Kama mapato haya yanasimama kwa sababu tu anayelipa hajui kiasi anacholipa, basi tuyatafutie jina lingine, maana kodi mwananchi huonyeshwa kwenye risiti. Tunamkamata muuza duka asiyetoa risiti ya mashine kwa kilo mbili za sukari, halafu kwa mtu aliyepoteza pikipiki tunasema risiti itamwogopesha.

La tatu ndilo linalonisumbua kweli. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike, anayesomea saikolojia, aliniambia kuwa kumwonyesha mtu jumla ya hasara yake kunaweza kumfanya aongeze dau ili aifute. Huenda kwa baadhi ni kweli, na sina namna ya kuwathibitishia kwamba hakutakuwa na hata mmoja. Ninachokijua ni kwamba mpwa wangu alikuwa tayari akikimbiza hasara. Mkeka wa Jumapili ulikuwa wa kufuta wa Jumamosi, na wa Jumatatu, tena wa ligi ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani, ulikuwa wa kufuta wa Jumapili. Alikimbiza gizani, akidhani anachokifukuza ni hasara ya jana tu.

Wala msidhani nawasifu Wajapani kupita kiasi. Mwaka 2010 iligundulika kuwa wanamieleka kadhaa wa sumo walikuwa wakicheza kamari haramu ya besiboli. Kotomitsuki, aliyekuwa ozeki, cheo cha pili kutoka juu, alifukuzwa, na shirika la utangazaji la NHK likakataa kuonyesha shindano la Julai moja kwa moja. Polisi walipopekua simu zilizokamatwa katika kesi hiyo walikuta jambo baya zaidi: ujumbe wa wanamieleka waliokuwa wakipanga matokeo. Shindano la Machi 2011 likafutwa. Mnaona kwamba hata huko ukweli ulikuwa umelala kwenye ujumbe wa simu.

Lakini kuna waliouona kabla ya polisi, na hawakuhitaji simu ya mtu. Mwaka 2002 wachumi wawili, Mark Duggan na Steven Levitt, walichukua matokeo ya miaka mingi ya sumo yaliyowekwa wazi kwa kila mtu, wakawatazama wanamieleka walioingia siku ya mwisho wakiwa na ushindi 7 na vipigo 7, ambao pambano moja lingeamua kama wanapanda au wanashuka. Walishinda mara nyingi kuliko inavyowezekana kwa kawaida, nao wakawalipa fadhila wapinzani wao wale wale walipokutana baadaye. Chama cha sumo kilikuwa kimekana mambo hayo kwa miaka. Orodha yake chenyewe ndiyo iliyokisuta, kwa sababu ilikuwa haijamficha aliyeshindwa hata mmoja.

Hiyo ndiyo sababu siamini kwamba ukimya huu wa kwetu ni uzembe. Anayeweka hasara zote hadharani hajui ni nani atakuja kuzisoma, wala atagundua nini ndani yake. Huenda tungegundua kuwa wilaya fulani hupoteza katika ubashiri zaidi ya inavyopokea kwa mikopo ya halmashauri ya vijana. Huenda tungegundua kuwa haipotezi, nami ningeaibika. Niko tayari kuaibika. Nimeshazoea, miaka yote hii ya sumo si mchezo.

Kuhusu pikipiki: nilikaa na mwenye nayo, tukaelewana, deni litalipwa kwa awamu na sehemu yake naibeba mimi, maana dada yangu aliniangalia kwa namna ambayo mjomba hawezi kuikwepa. Kijana kwa sasa anapakia matofali. Hakuapa kwamba ameacha kubeti, nami sikumwapisha. Nilimwomba mambo mawili: daftari lile aendelee kuliandika, na ajiunge na mchezo wetu wa sumo ili tuone kati yetu nani ni fundi. Alicheka sana alipoona picha za wacheza mieleka wale. Kisha akauliza kama kweli hakuna anayelipwa hata shilingi, na nilipomwambia hakuna, akakaa kimya kidogo, akauliza tena, “Sasa Mjomba, mtu akikosea inaandikwa?”

Shindano la Novemba alipata siku 6, akakosa 9. Mimi nilipata 7. Tumeshuka wote wawili, na majina yetu yako pale.